Forester ya turbo, Tabora: skrini ilisoma 0.37, turbo ikabebeshwa lawama

Gari la kisa hiki ni Subaru Forester ya 2009, petroli, lita 2.0 yenye turbo (pampu inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), gia nne za otomatiki, lililoagizwa kutoka Japani likiwa limeshatumika. Makazi yake ni Tabora mjini, na kazi yake kubwa ni safari za Urambo, Kaliua hadi Kigoma. Malalamiko yalikuwa matatu. Gari limekuwa zito, na ugumu unaonekana hasa pale linapotaka kulipita lori lililosheheni marobota ya tumbaku. Likikanyagwa mafuta sana linatoa moshi mweusi. Na petroli inaisha upesi kuliko zamani. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka hata siku moja.

Mwenye gari alinunua kiskrini kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD-II, ile ya kusomea kompyuta ya gari. Kikamwonyesha kwamba busti, yaani presha ya turbo juu ya hewa ya kawaida, haivuki bar 0.37. Alikuwa amesoma kwamba gari kama hilo linapaswa kukaribia 0.8. Fundi wa kwanza alipulizia maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa injini ikiwa inaunguruma, hakuona povu, akaiangalia ile 0.37 na kutoa hukumu ambayo mafundi wengi wangeitoa: "Bosi, turbo imechoka, tutafute nyingine." Nyingine maana yake ni iliyotumika, isiyojulikana ilitoka kwenye gari la namna gani.

Turbo haikuwa na kosa. Kiskrini nacho hakikuwa kibovu, ila namba yake moja ilibeba mambo mawili yaliyochanganyika: mwinuko wa Tabora na mpira uliopasuka. Uchambuzi huu unahusu jinsi mambo hayo mawili yalivyotenganishwa.

Kifaa na soketi yake

Soketi ya OBD-II ina matundu 16 na hukaa chini ya dashibodi upande wa dereva. Tundu la 16 ni umeme wa betri wa moja kwa moja, la 4 na la 5 ni hasi (ethi), la 6 na la 14 ni njia ya mawasiliano iitwayo CAN, la 7 ni ile njia ya zamani ya K. Usiridhike na umbo la soketi peke yake. Magari mengi ya soko la Japani ya kabla ya 2008 yana soketi hiyo hiyo lakini kompyuta yake haizungumzi lugha kamili ya OBD-II. Kiskrini kitawaka, kwa sababu umeme kinaupata, kisha kitabaki kinatafuta mawasiliano mpaka uchoke. Kabla ya kulipa, omba kijaribiwe kwenye gari lako.

Gari hili lilijibu kwa njia ya CAN, ambayo ina kasi ya kutosha. Njia ya K hupitisha namba chache tu kwa sekunde, na ukijaza skrini vipimo nane, kila kimoja kinachelewa. Presha ya turbo hupanda na kushuka ndani ya sekunde moja au mbili, kwa hiyo skrini inayochelewa itakuonyesha kilele kilichokwisha kupita au isikuonyeshe kabisa. Kwa jaribio hili vilichaguliwa vipimo vinne tu kwa wakati mmoja, na kile kitufe cha kushikilia namba ya juu kabisa kikawashwa.

Mipangilio ya kiwandani ya viskrini hivi mara nyingi ni psi, maili na nyuzi za Farenihaiti. Vyote vilibadilishwa kuwa kPa, kilomita na selisiasi. Kwenye kPa hesabu ni nyepesi: kPa 100 ni bar 1. Waya ulipitishwa kando ya nguzo ya mlango, mbali na pedali na mbali na kifuniko cha airbag. Plagi yenyewe ilikaa mahali goti la dereva linapogusa, na goti likiisukuma kidogo kifaa kinazima na kuanza upya, nawe unadhani kompyuta ya gari ina matatizo. Kamba fupi ya kuufunga waya iliimaliza shida hiyo.

Kuna kipimo kimoja cha kufanya kabla ya kukiacha kifaa kwenye gari. Zima gari, funga milango, subiri dakika 20, kisha pima kwa multimita umeme unaovutwa kutoka kwenye betri, kifaa kikiwa kimechomekwa, halafu kikiwa kimechomolewa. Tofauti ya ampea 0.1 inaonekana ndogo, lakini kwa siku ni ampea-saa 2.4, na kwa siku 10 ni 24. Betri ya ampea-saa 60 ambayo si mpya haitawasha gari. Viskrini vingi hujizima vikiona volti zimeshuka chini ya kiwango fulani, mathalani 13.2. Kama alteneta ya gari lako hupumzika hadi volti 12.8 betri ikiwa imejaa, kifaa kitakuwa kinazimika njiani, na watu wakishusha kiwango hicho ili kisizimike, kinabaki macho usiku kucha.

Sifuri ya Tabora

Hatua ya kwanza ya uchunguzi haikuhitaji hata kuwasha injini. Swichi ilifunguliwa, taa za dashibodi zikawaka, injini ikiwa kimya. Hapo sensa ya presha ya bomba la kuingizia hewa kwenye injini, ambayo skrini huiita MAP, inapima hewa ya mahali ulipo na si kitu kingine. Ilisoma kPa 88. Sehemu ya busti ilisoma bar −0.13.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoonekana. Injini imezima, presha ya turbo ingetakiwa iwe sifuri. Skrini inatoa −0.13 kwa sababu haipimi busti. Inaichukua MAP na kutoa presha ya hewa ya usawa wa bahari, kPa 101, iliyoandikwa ndani yake tangu kiwandani. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ina presha ya takriban kPa 88. Toa 101 kwenye 88, unapata −13. Kwa hiyo kila busti iliyosomwa na kifaa hiki Tabora ilikuwa imepungukiwa bar 0.13 kabla gari halijasogea.

Ile 0.37 kumbe ilikuwa 0.50. Bado ni ndogo, lakini si ile iliyomtisha mwenye gari.

Vifaa vizuri huiuliza kompyuta ya gari presha ya hewa ya nje, ambayo OBD-II inayo kama kipimo chake cha peke yake, au hukuruhusu kuingiza namba mwenyewe. Hiki kilikuwa na chaguo hilo ndani kabisa ya menyu, na halikuwa limeguswa. Kama chako hakina, achana na safu ya busti na soma MAP peke yake. Sisi tunaipenda zaidi MAP hata pale chaguo lipo, kwa sababu haina hesabu ya mtu mwingine ndani yake. Jua tu kwamba kipimo hicho cha kawaida cha OBD-II kinaishia kPa 255. Kwa Forester isiyoongezwa nguvu hutafika huko. Kwa dizeli kubwa zenye presha kali skrini inaweza kugota hapo na ukadhani turbo imesimama.

Jambo jingine la mwinuko: ile 0.8 iliyosomwa mtandaoni ilipimwa kwingine, kwenye hewa nzito. Kompyuta ya gari la turbo hupunguza lengo lake kwenye hewa nyepesi ili turbo isizungushwe kupita kiasi. Kulilaumu gari la Tabora kwa namba ya Tokyo au ya Dar es Salaam ni kulionea.

Jaribio la barabarani

Jaribio lilifanyika barabara ya Urambo, sehemu iliyonyooka nje ya makazi kuelekea Usoke, asubuhi na mapema hewa ikiwa nyuzi 22. Muda huo ulichaguliwa kwa makusudi. Intakula ya Forester, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, imekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, na ikiwa gari limetambaa mjini mchana wa Oktoba intakula inakuwa imeiva kwa joto la injini. Vipimo vya wakati huo havilinganishwi na vya asubuhi. Usidanganyike na kipimo cha joto la hewa kinachoingia: kwenye gari hili sensa yake imo ndani ya MAF (sensa inayopima hewa inayoingia), kabla ya turbo, kwa hiyo inakuambia joto la hewa ya nje na la boksi la chujio, haijui kabisa hewa imetoka intakula ikiwa na nyuzi ngapi.

Watu walikuwa wawili, mmoja akiendesha bila kuitazama skrini, mwingine akisoma na kuandika. Maji ya injini yalisubiriwa yavuke nyuzi 88. Kiyoyozi kilizimwa. Gia ilizuiwa ya pili, kwa sababu katika gari hili gia ya pili inakupa mizunguko 2,500 ukiwa karibu na kilomita 45 kwa saa na 5,000 ukiwa karibu na 90. Ukilifanya jaribio hilo kwa gia ya tatu utakuwa unakimbilia 140, na barabara ile ina ng'ombe na baiskeli za mkaa. Mafuta yalikanyagwa mpaka chini kuanzia 45, yakaachiwa 90, mara tatu, na mapumziko ya dakika nne katikati.

Kwenye mizunguko 4,000, MAP ilisoma 138, 137 na 139. MAF, yaani uzito wa hewa inayopita kwenye sensa baada ya chujio, ilisoma karibu gramu 104 kwa sekunde kila mara. Mlango wa throto, unaofungua hewa iingie kwenye injini mafuta yakikanyagwa, ulisoma asilimia 84. Hiyo 84 iliwahi kumtia wasiwasi mwenye gari, lakini kipimo hicho cha OBD-II ni nafasi ya sensa, na magari mengi yaliyofunguka kabisa husoma kati ya 80 na 90. Kilichotakiwa kujulikana ni kwamba mlango unafunguka wote na kompyuta haijajifungia katika hali ya tahadhari. Maji yalipanda kutoka 91 hadi 94, sawa kabisa.

Kisha gari liliendeshwa taratibu, kasi isiyobadilika ya 100 kwenye mwinuko mdogo, MAP ikiwa kPa 102 hivi, yaani turbo inasukuma kidogo tu. Hapa ndipo penye utajiri, kwa sababu katika mwendo huu kompyuta bado inasikiliza sensa ya oksijeni na kurekebisha petroli. Marekebisho ya muda mrefu yalisoma −8, ya muda mfupi −4. Jumla −12: kompyuta inapunguza petroli kwa asilimia 12 kwa sababu inaona mchanganyiko umezidi petroli. Gari likisimama, likiunguruma bila kukanyagwa, marekebisho yalikuwa +2 na 0, MAF gramu 3. Hayo ni ya gari zima.

Katika kukanyaga mafuta mpaka chini usiyasome marekebisho. Wakati huo kompyuta inaacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na kufuata jedwali lake. Namba inayobaki kwenye skrini ni ya zamani.

MAF na MAP zikigombana

Fundi aliyesema turbo imechoka alikuwa na namba moja, ya presha. Ukiwa na mbili, kesi inageuka.

MAF hupima hewa inayoingia kwenye turbo. MAP hupima presha ya hewa iliyofika kwenye injini. Injini ya lita 2.0 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika humeza lita 4,000 za hewa kwa dakika, kama lita 67 kwa sekunde. Hewa yenye presha ya kPa 138 na joto la nyuzi 57 hivi ina uzito wa gramu 1.46 kwa lita. Zidisha, kisha punguza asilimia 10 kwa kuwa silinda hazijai kabisa: injini ilikuwa inapokea kama gramu 87 kwa sekunde. MAF inasema zimeingia 104. Gramu 17 zimepotea njiani, asilimia 16 ya hewa yote.

Makadirio ya joto na ya kujaa kwa silinda yanaweza kukosea kwa asilimia kadhaa, ndiyo maana hatukumhukumu mtu kwa hesabu hii pekee. Lakini iweke pamoja na ile −12. Kompyuta inapima petroli kwa MAF. Imeona gramu 104, imetoa petroli ya gramu 104, kumbe injini imepata hewa pungufu. Matokeo ni petroli iliyozidi, moshi mweusi, matumizi makubwa. Na kwa nini gari likiunguruma bila kukanyagwa halina shida? Kwa sababu wakati huo kati ya turbo na throto hakuna presha, kwa hiyo hakuna cha kuvuja. Tatizo linazaliwa turbo inapoanza kusukuma. Kwa hiyo tundu liko baada ya turbo na kabla ya throto. Lingekuwa baada ya throto, injini ikiunguruma ingefyonza hewa ya wizi na marekebisho yangekuwa + 10 au zaidi.

Washukiwa wengine walipimwa kwa namba hizo hizo. Chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara za changarawe, na Tabora kiangazi vumbi halikosekani, lingeshusha MAF na MAP kwa pamoja huku marekebisho yakibaki karibu na sifuri. Vali inayopitisha moshi kando ya turbo ili kupunguza presha ikikwama wazi ingefanya vivyo hivyo. Sensa ya MAF iliyochafuka husoma pungufu, na marekebisho yangekwenda upande wa kuongeza petroli. Katalisti iliyoziba ingeibana hewa isipite, MAF ikawa ndogo huku MAP ikiwa nzuri. Hakuna hata mmoja anayetoa picha ya MAF kubwa, MAP ndogo na marekebisho ya kupunguza kwa wakati mmoja.

Turbo iliyochoka nayo? Haiwezi kusukuma gramu 104 kwa sekunde. Ilikuwa inafanya kazi yake yote, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa inamwagwa nje. Tena kompyuta ikiona presha haijafika lengo huendelea kuifungia ile vali ili turbo izunguke zaidi. Gari lingeachwa hivyo, turbo nzima ingechakazwa na mpira.

Kwa nini taa ya injini haikuwaka? Kwa kawaida kompyuta huandika msimbo wa mchanganyiko kuzidi petroli pale marekebisho yanapokwenda mbali sana, mara nyingi kuelekea −25. Kwa −12 inarekebisha na kunyamaza. Mashine ya kusoma misimbo iliyochomekwa gereji ilikuta hakuna kitu, na ilikuwa inasema kweli.

Kulitafuta tundu

Sabuni ya fundi wa kwanza haikuwa wazo baya. Ilipuliziwa wakati usiofaa, kwa sababu injini ikiunguruma mpira ule hauna presha ndani. Inabidi presha iletwe kutoka nje, injini ikiwa imezima na imepoa.

Kizibo kilitengenezwa kwa kifuniko cha bomba la plastiki la maji kinachoingia kwenye mpira wa mdomo wa turbo. Pima mdomo kwanza kwa sababu saizi hutofautiana. Katikati lilitobolewa tundu la milimita 11.5 na kuvutwa vali ya kawaida ya tairi la tubeless. Bomba la kutoka boksi la chujio lilitolewa, kizibo kikafungwa kwa klempu. Kifunge kweli kweli na usisimame mbele yake, kikichomoka kinaruka.

Mipira ya kupumulia injini inayoingia kwenye njia ile ya hewa ilizibwa. Hatua hii watu huiruka, na hasara yake ni kubwa: presha inapita kwenye mipira hiyo hadi kwenye sampu ya oili na kusukuma sili za shafti. Utatengeneza uvujaji wa hewa na kuondoka na uvujaji wa oili.

Hewa ilitoka kwenye kompresa ya fundi pancha, ambayo tangi lake lina bar nane au zaidi, kupitia kidhibiti kilichowekwa bar 0.5. Bila kidhibiti usijaribu. Halafu kile kiskrini kikapewa kazi ya pili. Swichi ikiwa wazi na injini imezima, throto ya umeme hubaki imefunguka kidogo, kwa hiyo presha hufika hadi kwenye sensa ya MAP na skrini inakuwa geji yako. Ilianza 88 na ilipaswa kupanda taratibu kuelekea 138. Kushuka polepole hewa ikifungwa ni kawaida, kwa kuwa silinda yenye vali iliyo wazi inapitisha kidogo. Mlio wa kufoka si kawaida.

Mwanzoni palikuwa kimya. Presha ilipopanda, filimbi ilianza chini ya intakula. Sabuni iliruka kutoka upande wa chini wa mpira unaounganisha mdomo wa turbo na intakula, mahali pasipoonekana bila kioo. Mpasuko wa sentimita 4. Ukiubonyeza kwa kidole unajifunga, huwezi kuingiza hata kucha. Ukiwa na presha midomo yake inafunguka.

Chanzo chake kilionekana mpira ulipotolewa. Ndani ulikuwa umelowa oili ya mvuke wa injini na umevimba. Karibu na turbo kuna joto la kuupika. Na klempu nyembamba ya kukaza kwa bisibisi, ambayo haikuwa ya asili, ilikuwa imekazwa hadi meno yake yakaukata mpira ukingoni. Mpasuko ulianzia hapo hapo.

Kwa kuwa mdomo wa turbo ulikuwa wazi, shafti yake ilikaguliwa. Mchezo kidogo sana wa kwenda kando ni wa kawaida, maana huelea kwenye oili. Wa kwenda mbele na nyuma haukusikika kabisa. Mapanga hayakugusa ukuta. Oili ndani ya bomba ilikuwa utando, si dimbwi. Baadhi ya injini za Subaru za turbo zina wavu mdogo ndani ya boliti ya bomba la oili ya turbo. Wavu ukiziba turbo inakaushwa, kwa hiyo mtu anayefika eneo hilo autazame.

Mpira upi uwekwe

Hapa ndipo kazi nzuri huharibiwa. Duka la spea linaweza kukupa kipande cha mpira wa rejeta chenye kipenyo kile kile, na kitaingia vizuri. Mpira wa rejeta umetengenezwa kwa maji na kulanti. Oili inauvimbisha na ndani ya miezi michache utakuwa pale pale. Silikoni ya kawaida inavumilia joto lakini inapitisha jasho la oili, hivyo inayofaa ni ile yenye utando wa kuzuia oili kwa ndani na tabaka za kitambaa katikati. Mpira halisi wa gari, mpya, ndio uliowekwa.

Midomo yote miwili ilisafishwa kwa dawa ya breki na kukaushwa. Hakuna grisi, hakuna gundi. Mpira uliopakwa utelezi huchomoka kwenye presha ya kwanza. Klempu mbili pana za boliti zilikazwa mpaka mpira ulipoanza kujaa kwenye kingo za chuma, zikaachwa hapo. Jaribio la hewa lilirudiwa hadi 138 bila povu.

Petroli iliyozidi kwa miezi ilikuwa imeacha deni. Plagi zilitoka na masizi makavu meusi. Zilikuwa za iridiamu, na hizo hazisuguliwi kwa brashi ya waya, kwa hiyo zilibadilishwa. Oili ilinukia petroli kwenye kijiti, nayo ikamwagwa pamoja na filta yake. Marekebisho ya zamani yalifutwa kwa kiskrini baada ya namba zote kuandikwa. Ukifuta kwanza umefuta ushahidi, na ndivyo inavyotokea pale betri inapochomolewa "ili kompyuta ijisahau" kabla hakuna aliyesoma kitu.

Barabara ile ile, asubuhi, gia ya pili, mizunguko 4,000. MAP: 165, 166, 165. MAF: gramu 106. Kwenye kasi ya 100, marekebisho −1 na +1. Moshi hakuna.

Tazama MAF. Kutoka 104 hadi 106, turbo karibu haikubadilisha chochote; hewa ile ile sasa inafika kwenye silinda. Tungeandika namba moja tu ya kisa hiki ukutani, ingekuwa hiyo. Busti halisi imekuwa 165 toa 88, yaani bar 0.77. Kiskrini kwa mpangilio wake wa zamani kingesoma 0.64, na mtu angeendelea kuitafuta hitilafu isiyokuwepo.

Kigoma

Wiki mbili baadaye gari lilishuka Kigoma kupitia Uvinza. Kando ya ziwa, swichi wazi, injini kimya, MAP ilisoma 92, maana uso wa Tanganyika uko kama mita 770 tu. Kwa mafuta yote na mizunguko 4,000 ilifika 169. Presha ya hewa kwenye menyu ilikuwa sasa imewekwa ijisomee kutoka kwenye gari, kwa hiyo busti ilisoma 0.77, kama Tabora.

Kengele za skrini zilipangwa: maji nyuzi 105, kwa sababu mshale au taa ya dashibodi huchelewa kusema, na volti 13.0 injini ikiwa inazunguka. Presha ya oili haimo kwenye vipimo vya kawaida vya OBD-II, kwa hiyo kijiti cha oili kiliendelea kuchomolewa kila wiki. Baada ya kilomita 500 klempu zilikazwa tena robo mzunguko, kwani mpira mpya hutulia ukishapata joto mara kadhaa, na MAP kwenye njia ya Usoke ikasoma 165.